Kontena si Rafu: Hotuba kwa Wanaosafirisha Chakula cha Pakiti na Makopo kwa Meli

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wasindikaji, wenzangu mawakala wa mizigo, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi. Mada niliyopewa ni usafirishaji wa chakula kilichofungashwa, kile kisichohitaji jokofu, kwenda ng'ambo kwa njia ya bahari. Ni mada inayodharauliwa. Mtu akisafirisha samaki wabichi, kila mmoja anajua kwamba yule ana kazi: barafu, haraka, roho juu. Mwenye makopo, biskuti, unga au sosi ya chupa huambiwa, "Wewe huna shida, mzigo wako hauozi." Naye huamini. Wengi wenu mnajua imani hiyo huishia wapi: kwenye barua ya mnunuzi anayekataa mzigo, na picha kumi zimeambatishwa.

Hoja yangu leo ni moja, nami nitaizunguka pande zote. Chakula hiki kimepimwa kikae kwenye rafu. Tarehe ya mwisho wa matumizi mnayochapa imetokana na majaribio ya chumbani, penye joto la kawaida, hewa tulivu na pakiti isiyotikiswa. Kontena halifanani na chumba hicho hata kidogo. Na sehemu kubwa ya uharibifu tunaoisingizia bahari huwa imeshaandaliwa nchi kavu, siku chache kabla mlango haujafungwa. Nalisema hili kwa matumaini, kwa sababu mawimbi hatuyawezi, ila ufungashaji tunauweza.

Kopo lenyewe lilizaliwa kwa ajili ya safari. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimlipa Nicolas Appert faranga 12,000 kwa mbinu yake ya kuhifadhi chakula kwa kukichemsha ndani ya chupa zilizozibwa, na mwaka huohuo Peter Durand akapata hataza nchini Uingereza iliyotaja vyombo vya bati. Miongoni mwa wateja wa mwanzo walikuwa wanajeshi na mabaharia. Kopo la leo ni jembamba kuliko la wakati ule, lebo yake ni karatasi, na limewekwa ndani ya katoni iliyochaguliwa kwa bei. Kopo bado ni msafiri hodari. Kilicholizunguka ndicho kinachotuangusha.

Nianze na joto. Kontena la kawaida ni sanduku la chuma lisilo na kitu cha kuzuia joto. Likipangwa safu ya juu ya sitaha, au likiachwa yadini jua la utosi, hewa iliyo chini ya paa lake inaweza kuvuka nyuzijoto 50 na kukaribia 60. Usiku inashuka, kesho inapanda tena. Kanuni ya kukadiria ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya mabadiliko mengi ya kikemikali ndani ya chakula huongezeka karibu maradufu. Mafuta yaliyomo kwenye karanga na biskuti huanza kunuka mapema, rangi ya sosi inafifia, chokoleti inayeyuka na kuganda upya ikiwa na weupe juu yake ambao mteja anaudhani kuwa ni ukungu. Wiki mbili za joto hilo zinaweza kula mwezi mzima wa maisha ya bidhaa, na hakuna aliyefungua pakiti.

Wenye makopo msijione mmesalimika. Upishi wa kiwandani, kwa nyuzijoto 121 au karibu na hapo, hulenga kuua mbegu za Clostridium botulinum, bakteria mwenye sumu. Zipo mbegu za bakteria wengine, mfano Geobacillus stearothermophilus, zinazostahimili moto huo na kubaki zimelala ndani ya chakula. Kwa joto la kawaida la ghala hazifanyi lolote. Zikikaa siku kadhaa kwenye nyuzi 45 na kwenda juu, zinaamka na kukichachusha chakula bila kutoa gesi, hivyo kopo halivimbi. Linafika zuri kwa nje, na aliyelifungua mezani ndiye wa kwanza kujua. Kwa hiyo, kabla ya kuuza kwenye njia inayopita nchi za joto, mwambieni mtaalamu anayewapangia muda na moto wa upishi kwamba mzigo utapita huko. Na makopo yakitoka kwenye mtungi wa mvuke yapozwe hadi karibu nyuzi 40 kabla ya kupangwa kwenye paleti, yaani jukwaa la mbao la kubebea katoni. Makopo yaliyopangwa yakiwa bado ya moto, katikati ya paleti hukaa na joto lile kwa siku nyingi, na kazi ya kuwaamsha bakteria inaanzia ghalani kwenu.

Mnaweza kuomba kontena liwekwe chini ya sitaha. Ombeni, ingawa kampuni nyingi za meli haziahidi, kwa sababu mpangilio wa meli unaamuliwa na uzito na bandari za kushusha. Jengeni mpango wenu juu ya dhana kwamba kontena litakaa juani.

Sasa nije kwenye adui mkubwa kuliko joto, yaani maji yanayotoka ndani ya kontena lenyewe. Mawakala tunayaita jasho la kontena. Mzigo unapakiwa mahali penye joto na unyevu, meli inaelekea kwenye baridi, paa la chuma linapoa kabla ya kitu kingine chochote, na unyevu wa hewani unagandia pale juu kama kwenye mfuniko wa sufuria. Matone yakishakua yanadondokea katoni. Safari ya kinyume ina balaa lake: makopo yaliyopoa yanafika bandari ya joto, mlango unafunguliwa, hewa nzito inaingia, na kila kopo linatoa jasho mwili mzima. Vitundu vidogo mnavyoviona ubavuni mwa kontena havisaidii. Kazi yake ni kusawazisha mgandamizo wa hewa, havitoshi kubadilisha hewa.

Wengi huuliza maji yote hayo yanatoka wapi. Hewa peke yake haina mengi. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi, na hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu hubeba takriban gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo yote pamoja ni kama lita moja. Maji ya kutisha yamo kwenye mbao na karatasi. Chukua paleti mpya ya kilo 20 ambayo mbao zake hazijakauka vizuri, unyevu wake ukiwa robo ya uzito wa mbao kavu. Ikikauka njiani hadi asilimia 15, imetoa zaidi ya lita moja na nusu. Zidisha kwa paleti kumi. Mmefungia lita 16 za maji pamoja na chakula chenu, na mmezilipia nauli. Ndiyo maana nasisitiza kipimo cha unyevu wa mbao. Ni kifaa kidogo cha kuchomeka, na atakayekikwepa atakinunua mara mia kwa fidia.

Nimewahi kusimama mlangoni wakati kontena la makopo linafunguliwa baada ya safari ndefu. Harufu ndiyo iliyotutangulia: karatasi mbichi, kama ghala lililovuja. Katoni za juu zilikuwa na mistari ya madoa iliyonyooka, imeachana sawasawa, ikifuata mikunjo ya bati la paa, kila mkunjo na mstari wake. Safu ya pili ilikuwa imebonyea kuelekea katikati. Chini kabisa katoni zilipasuka pembeni, na lebo zilizobanduka zilikuwa zimelala sakafuni zimepinduka. Makopo yenyewe yalikuwa na pete nyembamba ya kutu kwenye mshono wa kifuniko. Maabara ilipima chakula kikaonekana salama kabisa. Mnunuzi alikikataa, na alikuwa na haki, kwa kuwa hakuna mama wa nyumbani atakayenunua kopo lenye kutu na lebo ya mabaka. Msindikaji yule hakupoteza chakula kwa maana ya kuoza. Alipoteza karatasi, na karatasi ikaondoka na chakula.

Tiba ya jasho haina gharama kubwa. Mbao kavu, katoni zilizotunzwa pakavu, na kutopakia wakati wa mvua hata kama dereva anapiga honi. Halafu vifuko vya kunyonya unyevu, vile virefu vyenye kloridi ya kalsiamu vinavyoning'inizwa kwenye mikunjo ya ukuta. Chagueni vinavyogeuza maji kuwa ute mzito, maana vya bei ya chini vikijaa vinavuja juu ya mzigo mliotaka kuulinda. Juu ya safu ya mwisho tandikeni karatasi nene inayonyonya. Plastiki ya kuvingirisha paleti ni nzuri kwa kushikilia mzigo, ila ukivingirisha hadi juu kabisa ukaifunga, umeyafungia maji yaliyomo ndani ya katoni yasiwe na pa kutokea.

Katoni nayo ina mambo yake, na naomba tukae hapo kidogo. Nguvu ya katoni mnayosomewa na muuzaji imepimwa kwenye chumba kikavu kwa dakika chache. Karatasi ikikaa kwenye unyevu wa asilimia 90 inapoteza nusu ya nguvu hiyo au zaidi. Ikibebeshwa mzigo kwa wiki nyingi mfululizo inachoka hata pakiwa pakavu. Kwa hiyo katoni inayobeba safu nane ghalani kwenu bila wasiwasi inaweza kushindwa na safu hizohizo katikati ya bahari. Nguvu yake iko kwenye pembe nne za wima. Ukipanga katoni pembe juu ya pembe, nguzo zinasimama. Ukizipishana kama matofali, jambo ambalo wapangaji wengi hulipenda kwa sababu paleti inaonekana imeshikana, pembe za juu zinakaa katikati ya ubavu wa katoni ya chini, pasipo na kitu, na unaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo. Katoni ikichungulia nje ya ukingo wa paleti hata kwa vidole viwili, pembe hizo zimeshaning'inia hewani. Kwa hivyo panga pembe kwa pembe, kisha acha safu moja au mbili za juu zipishane kwa ajili ya kushikana, vingirisha na ufunge mikanda.

Halafu kuna mwendo wa meli. Meli ikienda mrama, inalala ubavu huu, inanyanyuka, inalala ubavu wa pili, usiku kucha, na kila pengo lililoachwa ndani ya kontena linageuka kuwa nafasi ya mzigo kupigana. Pengo la sentimita 15 ubavuni linatosha paleti kuanza safari yake yenyewe. Jazeni mapengo kwa mifuko ya hewa au mbao, na upande wa mlangoni wekeni kizuizi cha kweli. Sisemi hivyo kwa ajili ya bidhaa tu. Kijana anayefungua mlango upande wa pili hamjui aliyepakia, na katoni za chupa zikimwangukia hataweza kuzikwepa.

Kabla ya kupakia, kagueni kontena lenyewe. Watu wanapokea lolote linaloletwa kwa sababu lori limechelewa na mzigo umeshatoka ghalani. Ingieni ndani, mwambieni mwenzenu afunge milango yote miwili, kaeni gizani mpaka macho yazoee, kisha tazameni juu, kwenye kona na kwenye raba za mlango. Mkiona mwanga hata wa ukubwa wa tundu la sindano, maji ya chumvi yatapita hapohapo. Mkiwa bado mmefungiwa, vuteni pumzi. Kontena lililobeba kemikali, samaki wakavu au ngozi lina kumbukumbu ndefu, na unga, chai na biskuti hunyonya harufu kwa urahisi. Likiwa halifai, likataeni kabla ya katoni ya kwanza kuingia, mkiwa na picha. Kwa sababu hiyohiyo, wenye mzigo mdogo unaochanganywa na wa wengine kwenye kontena moja ulizeni jirani ni nani. Sabuni zenye manukato na pakiti za unga hazikai nyumba moja kwa mwezi mmoja kwa amani.

Kuhusu ukubwa wa kontena nitapita haraka, ila kuna jambo moja linalowashangaza wageni wa kazi hii. Futi 40 lina nafasi maradufu ya futi 20, lakini halibebi uzito maradufu. Makontena mengi ya aina zote mbili yana kikomo cha kilo 30,480 pamoja na uzito wake lenyewe, na la futi 40 ni zito zaidi likiwa tupu. Kwa hiyo makopo na chupa, vinavyojaza uzito kabla ya nafasi, huenda kwenye futi 20. Biskuti na nafaka za kifungua kinywa, zinazojaza nafasi kabla ya uzito, ndizo zinazofaa futi 40. Msisahau barabara za upande wa pili, kwani nchi nyingi zina kikomo cha uzito wa lori kilicho chini ya kile cha kontena. Na tangu tarehe 1 Julai 2016, chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, kontena lisilo na tamko la uzito uliothibitishwa halipandi melini. Anayetamka uzito huo ni mwenye mzigo. Pimeni, msikadirie.

Paleti za mbao ziwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu kusafiri ndani ya mbao za kufungashia, unaoonyesha kwamba mbao zimepashwa joto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 au zimetibiwa kwa njia nyingine inayokubalika. Mzigo mzima wa chakula safi unaweza kurudishwa kwa sababu ya paleti moja isiyo na muhuri. Mbao za kuziba mapengo nazo zimo kwenye sharti hilo, na huko ndiko wengi hunaswa.

Ndugu zangu, tuzungumze tarehe. Chukueni bidhaa yenye miezi 12 ya matumizi, yaani wiki 52. Imekaa wiki mbili ghalani ikisubiri kontena lijae. Wiki moja bandarini. Wiki tano baharini pamoja na kubadilishwa meli katikati. Wiki mbili za forodha na ukaguzi. Wiki moja hadi ghala la mnunuzi. Hizo ni 11, zimebaki 41. Wanunuzi wengi wakubwa hutaka theluthi mbili au robo tatu ya muda iwe imesalia siku wanapopokea. Kwa anayetaka robo tatu, yaani wiki 39, mmebakiwa na wiki mbili za kupumulia. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa sababu ya mashambulizi, safari kati ya Asia na Ulaya ziliongezeka takriban siku 10 hadi 14. Pumzi yote imekwisha, na hakuna aliyekosea hesabu. Ninachowashauri ni kuupakia mzigo uliotengenezwa karibuni kabisa, hata kama wa zamani umekaa mlangoni mwa ghala, na kuandika kwenye mkataba kwamba muda uliosalia utahesabiwa siku ya kupakia. Mnunuzi akikataa, angalau mmejua mapema ni nani anayebeba hatari ya njia.

Na tarehe yenyewe ichapwe kwa namna isiyo na utata. 03/04 ni tarehe tatu mwezi wa nne kwa wengi, na kwa Mmarekani ni tarehe nne mwezi wa tatu. Andikeni jina la mwezi kwa herufi, katika lugha ya huko mzigo unakokwenda.

Lebo ni somo linalostahili siku yake, kwa hiyo nitagusa palipo na moto. Chakula halali hapa kinaweza kuwa haramu kule kwa sababu ya kiungo kimoja. Umoja wa Ulaya uliiondoa titani dioksidi, E171, kwenye orodha ya viongeza vya chakula mwaka 2022. Umoja huo unataka viini 14 vya mzio vionyeshwe wazi kwenye orodha ya viambato. Marekani ina tisa, na wa tisa, ufuta, uliongezwa kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Anayetumia lebo moja kwa masoko yote mawili anacheza kamari na afya ya watu, achilia mbali biashara. Tangu tarehe 21 Aprili 2021, chakula mchanganyiko chenye bidhaa ya nyama, hata kiasi kidogo ndani ya supu ya unga, kinahitaji cheti rasmi kuingia Umoja wa Ulaya.

Marekani, kiwanda cha chakula lazima kiwe kimesajiliwa kwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, na usajili kuhuishwa kila mwaka wa namba shufwa, kati ya Oktoba na Desemba. Kwa makopo ya chakula kisicho na asidi ya kutosha, chenye pH zaidi ya 4.6, mnawasilisha pia mchakato wa upishi kwa kila bidhaa na kila ukubwa wa kopo. Mkibadilisha ukubwa wa kopo kwa sababu muuzaji wa makopo ameishiwa, mmeingia kwenye faili jipya. Taarifa ya awali ya shehena ya chakula iwe imefika FDA angalau saa 8 kabla ya meli kuwasili. Haya yote hufanyika kwenye meza, kontena likiwa bado tupu, na ndiyo maana nayaweka kundi moja na mbao mbichi na katoni zilizopishana.

Hati nyingine mnazijua: ankara, orodha ya upakiaji, hati ya shehena, cheti cha asili ya bidhaa, cheti cha afya pale kinapodaiwa. Nasema neno moja tu juu yake. Zisomeni zote kwa pamoja, mkilinganisha uzito, idadi ya katoni, namba za toleo na namba ya sili, tarakimu kwa tarakimu. Afisa wa forodha hana namna ya kujua kwamba 1,250 na 1,520 ni kidole kilichoteleza. Na wakati yeye anauliza, kontena liko juani, siku za bure zinakwisha, tozo za yadi na za kontena zinaanza kuhesabika kila siku, na ule moto niliousema mwanzo unaendelea kufanya kazi yake.

Kwenye masharti ya mauzo, wengi bado wanaandika FOB, yaani kukabidhi mzigo ukiwa melini, kwa mazoea. Kwa FOB hatari inahamia kwa mnunuzi mzigo unapokuwa ndani ya meli. Lakini kontena mnalikabidhi yadini, siku kadhaa kabla, na hapo katikati hamna mamlaka nalo ingawa hasara bado ni yenu. Chama cha Kimataifa cha Biashara, kinachotunga Incoterms, yaani vifupisho hivyo vya masharti ya mauzo, kinashauri FCA, yaani kukabidhi mzigo kwa msafirishaji mahali mlipokubaliana, kwa mizigo ya makontena. Badilisheni. Ni herufi tatu tu.

Nimeiacha bima hadi sasa kwa sababu ndiyo inayowapa watu usingizi wa uongo. Hata bima pana kabisa ya shehena, ile ya masharti ya daraja A, ina mambo isiyolipa: ufungashaji usiofaa, uharibifu unaotokana na asili ya bidhaa yenyewe, na hasara inayotokana na ucheleweshaji. Hebu rudini kwenye yote niliyoyasema. Mbao mbichi na katoni dhaifu ni ufungashaji usiofaa. Kuchacha kwa makopo ni hoja ambayo kampuni ya bima itaiita asili ya bidhaa. Tarehe iliyopita ni ucheleweshaji. Madai mengi ya wenye chakula kikavu yanafia kwenye vifungu hivyo vitatu. Kwa mwenye meli nako kuna ukuta: chini ya kanuni za Hague-Visby, zile za kimataifa za wajibu wa mwenye meli kwa shehena, uharibifu usioonekana kwa macho unapaswa kutolewa taarifa ndani ya siku tatu, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja. Mwambieni mnunuzi wenu hivyo kabla mzigo haujafika, maana yeye ndiye atakayekuwa mlangoni.

Pamoja na hayo, msisafirishe bila bima. Mnaikumbuka Ever Given, meli ya mita 400 iliyokwama Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021 na kunasuliwa tarehe 29. Dunia iliona siku sita. Wenye mizigo waliona zaidi ya miezi mitatu, kwa sababu meli ilizuiwa Misri hadi tarehe 7 Julai ikisubiri makubaliano ya fidia. Mwenye meli pia alitangaza utaratibu wa zamani wa baharini ambao wote wenye mali ndani ya meli wanachangia gharama za kuiokoa, hata yule ambaye mzigo wake haukuguswa. Mwenye bima alitolewa dhamana na kampuni yake. Asiye nayo, utaratibu huo unamdai aweke fedha taslimu kabla ya kukabidhiwa kontena lake. Ongezeni hapo chakula chenye miezi sita ya matumizi.

Nimalizie na ombi. Kuna vipima joto na unyevu vidogo, vya kutosha kukaa kiganjani, vinavyorekodi kila baada ya dakika kadhaa kwa miezi mizima. Kwenye shehena yenu ijayo wekeni viwili, kimoja juu kabisa chini ya paa karibu na mlango, kingine katikati ya paleti ya katikati. Mwombeni mnunuzi awarudishie data yake. Wakati huohuo bakisheni katoni moja ya toleo hilohilo ghalani kwenu, mwisho wa safari mfungue zote mbili, ya kwenu na ya kwake, mlinganishe harufu, rangi, ladha na nguvu ya katoni. Mkishaona mchoro wa joto la njia yenu wenyewe, upelekeni kwa anayewapangia tarehe ya mwisho wa matumizi na kwa anayewauzia katoni, nao wapige hesabu upya kwa mchoro huo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali, na kama Mwenyekiti ataridhia, ningependa tuanze na wale ambao kontena lao linapakiwa wiki hii.